Kipaimara nilipata, imani siioni: nianzie wapi?

Dada, unasema ulipata kipaimara, sakramenti ya kuimarishwa katika imani, lakini ukisali unahisi unaongea na ukuta. Hiyo si dalili kwamba imani imekufa. Barua za Mama Teresa wa Kolkata, mtawa aliyehudumia maskini, zilizochapishwa 2007, zinaonyesha alikaa miaka mingi katika giza la namna hiyo, na kazi hakuiacha.

Anza na Injili ya Marko. Ina sura 16 tu. Sura moja kwa siku yatosha. Ukifika 9:24, baba aliyemleta mwanawe mgonjwa kwa Yesu anasema, “Naamini, nisaidie kutokuamini kwangu.” Ifanye ndiyo sala yako kwa sasa. Zaburi tano kila siku zitakumalizia zote 150 kwa mwezi, na usiiruke ya 88: inaishia gizani, na bado ni sala.

Wengi hukwama kwa sababu huanza Biblia kwa kitabu cha Mwanzo kwa kasi, wakafika kitabu cha Walawi wakachoka. Wengine huhama kanisa kila wakipoa, wakitafuta msisimko (mkesha mmoja mzuri, kisha wiki tatu kavu). Usijitenge na jumuiya yako ukingoje uhakika kwanza. Mtume Tomaso alitilia shaka ufufuko wa Yesu, lakini siku nane baadaye alikuwa chumbani pamoja na wenzake, Yohana 20:26. Maswali yako mpelekee padri au katekista, yakiwa yameandikwa.