Uzi wa polima hauvuti vyote: maswali yenu kuhusu SPME

Maswali yaliyolundikana safari hii yanahusu SPME (solid-phase microextraction, yaani kunasa kemikali kidogo kidogo bila kimiminiko): uzi mwembamba wa kioo uliopakwa polima kwenye sentimita moja ya mwisho. Unauchovya ndani ya sampuli au kuuning'iniza juu yake, polima inanasa kemikali, kisha joto la mashine ya kromatografia ya gesi, inayotenganisha na kupima kemikali moja moja, linaziachisha. Arthur na Pawliszyn wa Chuo Kikuu cha Waterloo, Kanada, waliieleza mbinu hii mwaka 1990, na hadi leo sifa yake kubwa ni kwamba haihitaji viyeyusho.

Nikichovya uzi wa PDMS (polidimethilisiloksani, polima ya jamii ya silikoni) kwenye mililita 10 za maji, unatoa kemikali yote? Kama hautoi, nitaaminije matokeo?

Hautoi yote. Polima na maji hugawana kemikali hadi pande zote mbili zitulie, na baada ya hapo hata ukisubiri mpaka kesho hakiongezeki kitu. Mgawanyo huo una namba yake, K: mkolezo ndani ya polima ukigawanywa kwa mkolezo ndani ya maji. Tupige hesabu. Utando wa polima wenye unene wa mikromita 100 una ujazo wa takriban mikrolita 0.6. Kemikali yenye K ya 1,000 itapanda kwenye uzi kwa asilimia 6 hivi. K ikiwa 100, haifiki hata asilimia 1. K ikiwa 100,000, asilimia 86 itaondoka na uzi.

Sasa, kupima vizuri hakudai utoe yote. Kunadai utoe sehemu ileile kila mara: muda uleule, joto lilelile, kasi ileile ya kukoroga, ujazo uleule kwenye kichupa. Anayechomoa uzi dakika ya 9 leo na ya 14 kesho, mgawanyo ukiwa bado haujatulia, asishangae namba zake zikicheza. Viwango vyako vya kulinganishia navyo vitengeneze ndani ya kitu kinachofanana na sampuli. Protini na mafuta huishikilia kemikali isifike kwenye uzi, kwa hiyo mstari wa kulinganishia uliochorwa kwa maji safi utakudanganya kwenye maziwa. Dawa bora ninayoijua ni kuongeza kwenye kila kichupa kiasi maalumu cha kemikali ileile iliyobadilishiwa hidrojeni kwa deuteri, yaani hidrojeni nzito: kikwazo kinachoipata moja kinaipata na nyingine.

Asilimia 6 ni kidogo mno kwangu. Nifanyeje?

Ongeza polima. Mwaka 1999 kilijitokeza kijiti cha sumaku kilichovikwa PDMS, chenye mikrolita 24 au zaidi za polima, ambacho hukoroga sampuli huku kikinasa. Rudia hesabu ya juu kwa K ileile ya 1,000: asilimia 6 inakuwa 71. Bei yake ni subira, maana utando mnene hujaa polepole, na kukitoa kijiti kunahitaji kifaa chake cha kupashia au kiyeyusho kidogo.

Kuna nyuzi za aina nyingi. Nichague upi?

Anza na tabia ya kemikali yako. Zisizo polari, yaani zinazopenda mafuta kuliko maji, hupenda PDMS. Fenoli na nyingine zilizo polari huenda vizuri na poliakrileti. Molekuli ndogo zinazoruka upesi hudai utando wenye chembe za kaboni zilizojaa vinyweleo.

Jambo ambalo wengi hulisahau: PDMS na poliakrileti hufanya kazi kama kimiminiko, kemikali huzama ndani yake na nafasi ni tele. Tando za vinyweleo, zikiwamo zenye divinilibenzini, hushika kwa uso tu, na viti juu ya uso huo vina idadi. Sampuli ikisheheni, kemikali inayong'ang'ania zaidi humsukuma mwenzake nje. Kwa sampuli nisiyoijua, mimi huanza na PDMS, hata kama inanasa kidogo.

Nilipandisha joto ili mvuke uongezeke juu ya sampuli, mavuno yakashuka. Nimekosea wapi?

Joto linafanya kazi mbili zinazopingana. Linaitoa kemikali kwenye maji kuelekea hewani, lakini linapunguza pia mshiko wa utando. Ukipita kiwango fulani, utando unashindwa. Jaribu nyuzi joto 40, 50, 60 na 70, kisha chagua kilele. Kama kemikali haina chaji, ongeza chumvi ya kawaida. Mara nyingi itaifukuza kwenye maji bila kuugusa mshiko wa uzi.

Nikiingiza uzi ambao haujagusa sampuli, bado naona vilele kwenye chati ya mashine.

Tazama ioni zake, yaani vipande vyenye chaji ambavyo kipima-masi huvipa namba kwa uzito. Ukiona 73, 207 na 281, hayo ni masalia ya silikoni: huenda ni utando wako, lakini huenda pia ni kizibo cha mpira au safu yenyewe (mrija wa kutenganishia ndani ya mashine), kwa hiyo endesha mashine bila uzi kabla ya kuulaumu. Kama vilele ni vya sampuli ya jana, uzi haukukaa motoni vya kutosha. Uupashe tena bila kuvuka kikomo cha mtengenezaji.

Nilisafisha uzi wa PDMS kwa heksani, ukavimba, kisha utando ukachubuka uliporudi kwenye sindano inayoukinga.

PDMS hunywa heksani kama sifongo. Uzi huo tupa.