Kama reli bado ziko barabarani, kwanini troli hairudi?

Swali: Habari za kazi kaka injinia. Mimi naishi Germantown, Philadelphia, napanda basi la 23 kila siku kwenda kazini na Germantown Avenue yote naona reli za troli ziko palepale katikati ya mawe. Majirani wazee wananiambia troli ilisimamishwa "kwa muda" tu. Huku pembeni ya mji pia kuna treni ya Newtown ambayo siku hizi ni njia ya baiskeli. Sasa naomba kuelewa, kama reli zipo shida iko wapi? Ni umeme tu? Na ungekuwa wewe unaamua ungerudisha ipi kwanza?

Jibu: Salama dada yangu, na pole na hilo basi. Nikupe jibu fupi kwanza, reli unayoiona ndo kitu cha bei rahisi kwenye mfumo mzima wa troli, na hiyo yenyewe ikishalala miaka thelathini bila gari kupita mara nyingi haifai kutumika tena, inabaki kutuonyesha tu kwamba njia ilipita hapa.

Hao wazee hawakudanganyi. Mwaka 1992 SEPTA, ile mamlaka ya usafiri ya Philadelphia na kaunti zinazoizunguka, ilisimamisha line tatu, ya 15, ya 23 na ya 56, ikaweka mabasi na ikasema ni kwa muda. Katika hizo tatu iliyorudi ni moja tu, ya 15 ya Girard Avenue, Septemba 2005, yaani baada ya miaka 13. Hiyo yenu ya 23 ndo ilikuwa ndefu kuliko zote mjini, inatoka Chestnut Hill inashuka Germantown Avenue yote inapita katikati ya mji kwa mtaa wa 11 na wa 12 mpaka South Philadelphia, ndefu kiasi kwamba hata kwa basi iliwashinda kutunza muda na mwaka 2015 wakaikata vipande viwili, 23 na 45.

Sasa tuingie kwenye reli yenyewe. Jumapili asubuhi magari yakiwa machache, simama kwenye kivuko cha watembea kwa miguu uiangalie vizuri. Reli ya barabarani ina mfereji upande wa ndani, ule ukingo wa gurudumu unapita humo. Utakuta mfereji umejaa lami iliyomwagika wakati wa kuziba mashimo, mchanga, na mabaki ya chumvi wanayomwaga wakati wa barafu. Gurudumu likikutana na lami ngumu mle ndani ukingo unapanda juu na gari linatoka relini, kwahiyo kazi ya kwanza ni kuzibua mfereji wote, na ukishazibua ndo unaanza kuona maajabu, kichwa cha reli kimelika upande mmoja, mataruma, zile mbao za chini zinazobeba reli, yameoza, mawe yameinuka huku yamezama kule, na ukipima geji, yaani upana kati ya reli mbili, unakuta zimeachana au zimesogeleana kuliko inavyoruhusiwa.

Halafu angalia pale reli mbili zinapoungana. Hapo kuna waya mnene wa shaba unaozishika pamoja, sisi tunauita bondi, na ndo kitu ambacho watu wengi hawakijui. Umeme wa troli wa Philadelphia ni wa volti 600 wa DC, unashuka kutoka kwenye waya wa juu unaingia kwenye mota, ukimaliza kazi unarudi sabstesheni, kile kituo kinachotoa umeme, kwa kupitia reli hizohizo unazokanyaga. Bondi ikikatika umeme hausimami kusubiri fundi, unatafuta njia nyingine na njia iliyo karibu ni bomba la maji au la gesi lililopita chini ya barabara, unasafiri kwenye bomba hilo, na pale unapotoka kwenye bomba kurudi ardhini unakula chuma kidogo kidogo mpaka linatoboka. Ndo maana siku hizi reli ya barabarani inavalishwa mpira kabla haijamwagiwa zege. Huwezi kuivalisha mpira ikiwa bado imelala kwenye mawe, lazima uing'oe. Na ukishachimba barabara yote mabomba ya zamani yanaonekana, na kila mwenye bomba atakuambia lihamishwe sasa hivi, maana troli ikishapita juu hutaki kusimamisha line nzima kila bomba linapovuja. Kwenye bajeti za namna hii kuhamisha mabomba kunaweza kula hela kuliko reli, watu wakisikia wanadhani kuna wizi.

Kwahiyo umeme ndiyo, ni shida, ila sio peke yake. Hata ukiona kipande cha waya bado kinaning'inia sehemu fulani usihesabu, nyaya, nguzo na sabstesheni vyote utaanza upya. Magari mapya yanakula umeme mwingi kuliko yale ya zamani, na ule mti wa juu wenye kigurudumu au kiatu unaogusa waya unaachwa, yanakuja na pantografu, ile fremu inayokunjuka juu ya paa ikagusa waya, kwahiyo hata namna ya kufunga waya kwenye kona inabadilika.

Halafu kuna geji. Treni karibu zote za Marekani zinatembea kwenye milimita 1435 lakini troli za mjini Philadelphia ziko kwenye 1581, na zile za kwenda Media na Sharon Hill ni 1588. Maelezo yanayotolewa sana ni kwamba karne ya 19 wakubwa wa jiji hawakutaka kampuni za reli ziingize mabehewa ya mizigo mitaani kwa hiyo geji ikafanywa tofauti kwa makusudi. Leo maana yake ni kwamba huwezi kwenda mji mwingine ukaokota magari yaliyotumika ukayaleta. Linganisha na Nairobi, 2020 walichukua treni za mtumba za dizeli kutoka kisiwa cha Mallorca kule Hispania, seti 11, na iliwezekana kwa sababu kule nako geji ilikuwa ya mita moja sawasawa na reli ya zamani ya Kenya. Philly haina ndugu wa kumuazima hivyo, kila gari linaagizwa maalum.

Magari yenyewe yaliyopo mengi ni ya Kawasaki ya mwanzoni mwa miaka ya 1980, ya mjini 112. SEPTA imeagiza mapya 130 kutoka Alstom kwa zaidi ya dola milioni 714, yenye sakafu ya chini ili mtu wa wheelchair apande bila kunyanyuliwa, na idadi hiyo imepigwa kwa ajili ya line zilizopo sasa hivi, hakuna aliyeweka pembeni magari ya 23. Kingine, gari jipya lina urefu wa futi 80 hivi wakati Kawasaki ni 50, kwahiyo kona ambayo gari la zamani lilipita vizuri hilo jipya linaweza kufagia kioo cha gari lililopaki, na kituo lazima kirefushwe, kituo kikirefuka paking zinapungua, na paking zikipungua dada yangu hapo ndo utawajua majirani.

Sikutanii. Line ya 15 ilikuwa irudi 2004, reli tayari, waya tayari, na magari 18 ya mwaka 1947 yalikuwa yamejengwa upya na kampuni ya Brookville, yakawekewa hadi AC na lifti ya wheelchair. Ikachelewa zaidi ya mwaka mzima kwa sababu ya mtaa wa 59, kipande kifupi kinachoelekea depo ya Callowhill, yadi ambayo troli zinalala na kutengenezwa, wakazi walishazoea kupaki pale miaka yote ambayo troli haikuwepo na hawakukubali kuondoka. Na hata baada ya kurudi haikukaa moja kwa moja, Januari 2020 wakaisimamisha tena magari yakafanyiwe matengenezo makubwa, ikaja kurudi Juni 2024. Sasa hivi inaitwa G1 ukiiona kwenye ramani.

Nimetaja depo. Hiyo ndo kikwazo kikubwa cha 23 kwa maoni yangu na huwa hakizungumzwi. Depo za troli za mjini zilizobaki ni mbili, Callowhill na Elmwood, zote ziko upande wa magharibi na kusini magharibi, kwenu hakuna. Huwezi kuwa unatoa gari West Philly kila alfajiri linavuka mji mzima ndo lianze kazi Germantown, na kupata kiwanja cha depo huko juu, cha kutosha magari ya futi 80, na majirani wakubali kusikia magurudumu yanalia saa kumi usiku, hiyo ni kesi ya miaka.

Tuje kwenye treni. Hapa historia ni tofauti. Zamani kulikuwa na kampuni mbili za reli, Pennsylvania na Reading, kila mmoja na stesheni yake katikati ya mji, na Novemba 1984 likafunguliwa handaki la kuziunganisha. Handaki zuri sana, ila halikujengewa hewa ya kutosha kwa injini za dizeli, kwahiyo line yoyote ambayo waya wa umeme haukuifikia ilionekana mzigo. Treni za kwenda miji ya Bethlehem, Reading na Pottsville zilikatwa 1981, kipande cha Fox Chase mpaka Newtown kikafa Januari 1983, West Chester ikafuata 1986, ingawa yenyewe waya wa umeme ilikuwa nao.

Angalia kilichotokea baada ya hapo maana ndo somo lenyewe. Newtown reli zimeng'olewa, kaunti ya Montgomery ikapangishwa hifadhi ya reli, yaani ule ukanda wa ardhi treni ilipopita, na ikaweka njia ya kutembea na baiskeli. Bethlehem vilevile, sehemu yake ni njia ya miguu. Kisheria kuna utaratibu toka 1983 unaoruhusu hifadhi ya reli itumike kama njia ya baiskeli bila kupoteza haki ya kurudisha treni siku moja, kwenye karatasi iko hivyo. Lakini nenda kamwambie mtu ambaye nyumba yake imepanda bei kwa ajili ya hiyo njia kwamba unataka kupitisha treni nyuma ya jikoni kwake.

Upande wa West Chester hifadhi ilibaki na reli zake, na Agosti 2022 SEPTA ikarudisha treni kutoka Elwyn mpaka Wawa. Maili tatu tu, kilomita tano hivi, na ilikula karibu dola milioni 200. Madaraja yalijengwa upya, waya mpya, signo mpya, stesheni mpya na jengo la paking la magari 600. Na signo siku hizi sio taa tu, sheria ya 2008 inadai treni ya abiria iwe na mfumo unaoisimamisha wenyewe dereva akipitiliza, hilo linaongeza gharama hata kwa kipande kifupi. Ukitoka Wawa mpaka West Chester mjini bado hakuna treni ya SEPTA, sehemu ya reli huko wanaitumia watu wa treni ya utalii wikiendi.

Njia ya kwenda mji wa Reading ndo mgonjwa mwenye nafuu. Reli haikulala hata siku moja, kampuni ya Norfolk Southern inapitisha mizigo mpaka leo, kwahiyo madaraja yanakaguliwa, mataruma yanabadilishwa. Kaunti tatu, Berks, Chester na Montgomery, ziliunda mamlaka yao 2022 na Desemba 2023 mradi ukaingia kwenye mpango wa serikali kuu wa kufufua njia za abiria. Kazi iliyobaki ni kumlipa mwenye reli, kuongeza njia za kupishana ili abiria asisubiri treni ya mizigo, na lile suala la handaki, ambalo kiufundi lina jibu, kuna injini zinazotembea kwa dizeli na kwa umeme pia, jirani zao wa New Jersey wanazo kwa miaka mingi. Ila hata hapo usitegemee kesho. Mwaka 2025 SEPTA ilikuwa na pengo la dola milioni 213 kwenye bajeti ya kuendesha tu, wakatishia kupunguza huduma kwa asilimia 45 na kufuta line tano za treni zilizopo, na mwishoni ikaruhusiwa kuchota kwenye fungu la ujenzi na ukarabati ili mabasi na treni visisimame. Hela ya kujenga imeenda kulipa mafuta na mishahara, sasa ya kufufua itatoka wapi.

Umeniuliza ningeanza na ipi. Kwenye treni ningeanza na Reading bila kufikiri sana. Kwenye troli nisingegusa 23 yote, ningechukua kipande cha juu tu, Chestnut Hill mpaka pale Germantown Avenue inapokutana na Broad na Erie, abiria ashuke aingie subway ya Broad Street imfikishe mjini haraka kuliko troli ingevyomfikisha kwa mtaa wa 11. Huko South Philadelphia mitaa ni myembamba mno kwa gari la futi 80, wabaki na basi. Mkutano wa mipango ya mtaa ukiitishwa nenda, usiwaulize lini troli inarudi maana watakujibu kwa maneno matamu, waulize depo itakaa kiwanja gani na nani kapewa kazi ya kukitafuta. Newtown mimi ningeiacha, nunua baiskeli.