Bahari Yangu Inatoka Kama Ndoo ya Plastiki

SWALI: Mwalimu, shikamoo. Mimi ni muuguzi, na kila nikipata likizo hukimbilia Pwani na kisanduku changu cha rangi za maji. Nimekuja Mombasa mara mbili, nikakaa hoteli ya ufuoni, nikachora tangu chai ya asubuhi hadi adhuhuri. Nikirudi nyumbani naona haya kuwaonyesha watu: bahari yangu inatoka kama ndoo ya plastiki, buluu tupu. Agosti hii nina siku 8, na mume wangu, ambaye hachori, anakuja nami. Twende Lamu au Wasini? Na hiyo buluu niifanyeje?
Msomaji, Nakuru

JIBU: Marahaba, mwanangu. Nikuulize kwanza: siku ulizochora, maji yalikuwa yamejaa au yamekupwa? Naona kama hukumbuki. Mgeni akija huulizia hoteli. Sisi huuliza mwezi uko wapi.

Mwezi ukiandama, na ukiwa mpevu, huwa ni bamvua: maji hujaa sana na kupwa sana. Hapa Mombasa siku hizo maji hupwa mnamo saa nne asubuhi na kujaa saa kumi jioni, na kati ya kupwa na kujaa bahari hupanda zaidi ya mita 3. Mwezi ukiwa nusu ni maji mafu: bahari haipandi sana wala haishuki sana, na saa zinageuka, kupwa kunakuwa alasiri. Kila siku saa husogea mbele kama dakika 50. Kwa hiyo kabla hujalipia chumba, tazama kalenda yenye mwezi, uchague siku za bamvua.

Kwa nini? Maji yakiwa yamejaa na jua liko utosini, hata mimi sipati zaidi ya hiyo ndoo yako. Yakipwa ndipo bahari inapofunguka. Penye mchanga, maji ni kijani hafifu, kama dafu lililochongwa likabaki na ukijani kidogo tu. Penye majani ya baharini ni zambarau iliyokaribia kahawia. Penye mawe ni kutu. Buluu unayoitafuta iko nje ya mwamba, ukanda mwembamba kuliko unavyodhani, na mbele yake mstari mweupe wa mawimbi yanayovunjika. Mimi buluu huigusa mwisho, karatasi ikiwa imekwisha kupata rangi zake zote. Na tanga la ngalawa usiliache jeupe! Lina rangi ya chai ya maziwa iliyopoa, na viraka vyake kila kimoja na chake.

Lakini bamvua ina adabu yake. Niliwahi kuweka sanduku la rangi juu ya jiwe kule mwambani Nyali, nikazama kuchora kidimbwi chenye nyota za bahari. Nilipoinua kichwa maji yalikuwa magotini na sanduku linaelea kwenda zake. Mvuvi wa pweza alilikamata kwa mkuki, akaniomba sigara mbili. Sivuti, nikamnunulia madafu. Maji yakianza kurudi, nawe rudi.

Sasa, Lamu au Wasini. Lamu ni ya mtu anayependa kuta: vichochoro vyembamba, mwanga unashuka kutoka juu kama kisimani, milango ya nakshi, punda. UNESCO iliutia mji ule katika orodha ya turathi za dunia mwaka 2001, na unastahili. Ila kwa barabara kutoka hapa siku nzima inaishia njiani, na kwenda na kurudi ni siku mbili kati ya 8 zako. Iweke mwaka mwingine, uikalie wiki mbili.

Nenda Wasini. Vuka Likoni, ushike barabara ya kusini mpaka Shimoni, kisha mashua. Agosti ni kusi, upepo utokao kusini, una nguvu na bahari ya nje imechafuka, lakini kisiwa chenyewe kimeukinga mkondo wa Shimoni, kwa hiyo karatasi yako haitakuponyoka sana. Hakuna magari. Nyuma ya kijiji kuna bustani ya matumbawe ya kale yaliyoachwa nje ya bahari, na wanawake wa kijiji wamejenga njia ya mbao ya kupita kati yake na mikoko. Unalipa kiingilio kidogo. Kaa hapo kutwa. Miamba ni ya kijivu, imetoboka kama mkate wa mofa, na ukichungulia ndani ya tundu utaona kivuli si cheusi, ni urujuani, kando yake kuna kijani kilichopenya kutoka kwenye majani ya mkoko. Siku ya bamvua maji huja mpaka chini ya mbao na kila kitu kinapata mwenzake kichwa chini.

Mumeo mpeleke kwenye hifadhi ya Kisite akaogelee na kutazama samaki, au umkalishe mbele ya sahani ya kaa. Hatakusumbua.

Chukua karatasi nzito ya gramu 300, kwa sababu unyevu wetu huikunja nyepesi kabla haijakauka. Beba chupa ya maji matamu. Ukichovya brashi baharini, chumvi itaota vipele juu ya mbingu yako.

SWALI: Nikichora watu wa Mji wa Kale bila kuwaambia, ni kosa?
Msomaji, Voi

JIBU: Salamu kwanza, kisha kahawa, kisha penseli. Akina mama usiwachore mpaka wakubali wenyewe, na mlangoni mwa msikiti fungua daftari siku nyingine. Wazee wa barazani hawana neno, mradi uwaonyeshe. Mmoja karibu na Bandari ya Kale alikaa saa nzima nikimchora na jahazi nyuma yake, akaja kutazama, akaniambia kamba ya foromali, ule mti unaoshika tanga, nimeifunga upande usiofaa. Nikafuta nikarekebisha. Pua yake, niliyoiharibu kabisa, hakuitaja.