Kabla ya Kuamini Kipimo cha Boroni

Katika kazi yangu ya kuwashauri wakulima wa karanga na korosho kwenye Uwanda wa Makonde, hakuna kipimo cha udongo kinachonitia mashaka kama cha boroni, kirutubisho ambacho mmea hukihitaji kwa kiasi kidogo tu. Udongo wetu wa kichanga huoshwa na mvua, boroni ikazama chini ya mizizi, na karanga iliyoikosa huonekana nzima kwa nje, lakini ukiitenganisha vipande viwili unakuta katikati pamebonyea na kugeuka kahawia. Kupima ni lazima. Hata hivyo, kwa njia ya maji ya moto, yaani kuchemsha udongo katika maji ili boroni itoke na kupimwa, mazao mengi huhesabiwa kuwa na upungufu pale udongo unapokuwa na chini ya takriban miligramu 0.5 kwa kilo, kiasi kidogo mno ambacho uchafu usioonekana unatosha kukipotosha.

Uchafu huo unaweza kuanzia shambani, kwa kuwa gundi ya maboksi mara nyingi huwekewa boraksi, chumvi yenye boroni, na baadhi ya sabuni za unga zina boroni. Weka sampuli katika mfuko mpya wa plastiki, uianike kivulini, na kila mwaka uichukue wakati uleule, kabla ya mvua.

Maabara waulize kwanza kuhusu vyombo. Kioo kinachostahimili moto hutengenezwa kwa boroni, na udongo ukichemshiwa humo unaweza kuongezewa boroni isiyo yake. Plastiki ndiyo inayofaa, tangu kuchemsha hadi kuhifadhi. Waulize pia kama muda wa kuchemsha na kupoza ni uleule kwa kila sampuli, kama hupima maji matupu yasiyo na udongo katika kila kundi, na kama huondoa rangi ya mboji, ambayo kifaa kinachopima kwa rangi huweza kuisoma kuwa ni boroni.

Ninalolisisitiza zaidi ni hili: changanya sampuli moja vizuri, igawe mara mbili, uipeleke kwa namba tofauti bila kuwaeleza. Maabara makini haitachukia ikijua baadaye. Nusu moja ikisomeka 0.3 na nyingine 0.7, usinunue mbolea ya boroni kwa majibu hayo, maana kati ya kiasi kinachotosha na kinachounguza kingo za majani pana nafasi ndogo sana. Omba kipimo kirudiwe, na upeleke majani nayo yapimwe.