Kwa wadogo zangu mnaokwenda Michigan State

Wadogo zangu mliopata barua za kujiunga na Chuo Kikuu cha Michigan State, Marekani, hongereni sana. Najua mnayoniuliza kwanza: baridi na pesa. Nitayafikia. Ila kuna jambo moja nililichelewa, na lilinila muhula mzima wa kwanza. Sikujua nimeingia chuo cha namna gani.

Nilidhani ni chuo kikubwa tu, kama Mlimani, yaani Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, iliyozidishwa mara kadhaa. Ukubwa upo kweli: wanafunzi zaidi ya 50,000, eneo la ekari zipatazo 5,200, na Mto Red Cedar umekatiza katikati. Lakini asili yake ndiyo ya kuijua. Kilianza mwaka 1855 kikiwa chuo cha kilimo cha jimbo. Julai 1862 Rais Abraham Lincoln akatia saini Sheria ya Morrill, ambayo iliyapa majimbo ardhi ya serikali kuu, ekari 30,000 kwa kila seneta na kila mjumbe wa Baraza la Wawakilishi. Ardhi iuzwe, na fedha yake iendeshe vyuo vya kufundisha kilimo na ufundi, ili elimu ya juu iwafikie watoto wa wakulima na wafanyakazi. Michigan ilipata ekari 240,000. Hivyo ndivyo vyuo vya ruzuku ya ardhi.

Ardhi hiyo ilikuwa na wenyewe. Hapo chuo kilipo palikuwa pa watu wa Anishinaabe, yaani Waojibwe, Waodawa na Wapotawatomi, na paliondoka mikononi mwao kwa Mkataba wa Saginaw wa mwaka 1819. Sisi ambao babu zetu waliona mashamba ya walowezi tunaielewa habari hii bila kuelezwa mara mbili. Ifahamu, uibebe moyoni unaposoma pale.

Mwaka 1887 ikaja sheria ya kugharamia vituo vya utafiti wa kilimo, na mwaka 1914 sheria ya ugani, yaani kuwapelekea wakulima utaalamu huko waliko. Hapa ndipo macho yangu yalipofunguka. Kwetu bwana shamba ni mtumishi wa halmashauri. Kule ni mwajiriwa wa chuo, na huduma yake inafika kaunti zote 83 za Michigan. Mkulima akiona majani ya maharage yake yamegeuka rangi, swali lake linaweza kufika maabara ambayo wewe unaosha vyombo vyake. Basi usikae maktaba tu. Muhula wa kwanza nilijifungia na makala, nikadhani ndiyo bidii. Muhula wa pili nilimwomba mtaalamu mmoja wa ugani anichukue kwenye gari lake, na siku ile shambani nilielewa utafiti wa msimamizi wangu kuliko miezi minne ya kusoma.

Nyuma ya maktaba kuu kuna bustani ya mimea aliyoianzisha Profesa William Beal mwaka 1873. Nendeni mkaione wiki ya kwanza. Wakulima wa wakati ule walikuwa na swali ambalo mama yangu, aliyepalilia mahindi maisha yake yote, angeliuliza vilevile: nikipalilia kila msimu, magugu yatakwisha lini? Ili kujua mbegu hudumu ardhini muda gani, mwaka 1879 Beal alichukua chupa 20, kila moja akaitia mchanga uliochanganywa na mbegu 50 za kila aina kati ya aina 21 za mimea, akazifukia mdomo ukiangalia chini ili maji yasiingie. Mwanzoni chupa moja ilifukuliwa kila baada ya miaka mitano, baadaye kumi, sasa ishirini. Mahali zilipo ni siri, na hufukuliwa usiku ili mwanga usiziamshe mbegu. Ya mwisho ilitolewa Aprili 2021, na mbegu zilizokaa ardhini zaidi ya miaka 140 ziliota. Kazi inarithishwa kutoka mwanasayansi hadi mwanasayansi, na imepangwa kufika mwaka 2100. Yote hayo kwa ajili ya swali la mtu mwenye jembe.

Kwa hiyo nendeni na swali la nyumbani. Usione haya kwamba linahusu viroboto wa kuku au muhogo unaooza. Michigan inalima maharage mengi, na watafiti wa chuo hiki wameyafanyia kazi pamoja na wenzao wa Afrika, Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine kikiwamo, kwa miongo mingi.

Sasa yale mengine. Kila mhadhiri hutenga saa za kuonana na wanafunzi. Nenda, hata kama huna tatizo. Kwetu kugonga mlango wa profesa bila kuitwa ni kama utovu wa adabu, lakini pale usipoonekana wanadhani huhitaji kitu. Mwite Profesa mpaka yeye mwenyewe akuambie umwite kwa jina.

Wa uzamili na uzamivu, ulizeni mapema, kabla hata ya kuondoka, kuhusu nafasi za usaidizi wa ufundishaji au utafiti. Nafasi hizo hulipa posho, na nyingi hubeba ada. Barua pepe fupi inayotaja kazi mahususi ya profesa hujibiwa. Ile ndefu ya sifa zako haisomwi. Na msivuke saa 20 za kazi kwa wiki wakati wa masomo. Viza ya mwanafunzi hairuhusu zaidi, na sijaona pesa iliyostahili hatari hiyo.

Kituo cha Masomo ya Afrika kipo tangu 1960, na Kiswahili kinafundishwa hapo. Nilipokwama na upweke wa Januari, ni huko nilikosikia mtu akinisalimu "shikamoo", mwanafunzi wa Kimarekani, akisubiri kwa makini niitikie.

Koti usinunue Dar wala Nairobi, hayawezi ile baridi. Fika Agosti, kisha ulizeni lilipo duka la chuo la vitu vilivyotumika. Meza, kiti na baiskeli nilivipata pale kwa bei ya mtumba, na kiti bado ninakikalia.