Maswali na majibu: buking unayo, tiketi je?

Nimelipia safari ya Dar kwenda Dubai, wakala kanitumia karatasi ina kodi ya herufi sita na imeandikwa CONFIRMED. Nimepiga simu shirika la ndege wanasema sina tiketi. Nimeibiwa? (Dada wa Tandika)

Pole sana dada. Usiseme umeibiwa bado, ila leo hiihii mbane huyo wakala. Hiyo kodi ya herufi sita ni buking tu, yaani kwenye sistimu, ile ya kompyuta ambayo mawakala wanakatia tiketi, kuna faili lenye jina lako na siti imeshikwa, na hiyo CONFIRMED inamaanisha siti imekubaliwa, haimaanishi hela imefika. Watu wengi wanaumia hapa na inaniuma kwa sababu karatasi inaonekana kamili kabisa, tarehe ipo, saa ipo, hadi kilo za begi zipo.

Unachotakiwa kudai ni namba ya tiketi. Ina tarakimu 13, tatu za mwanzo ni za shirika, kwa mfano 706 ni Kenya Airways, 071 Ethiopian, 176 Emirates. Kama kwenye karatasi yako haipo, tiketi haijatoka. Na shirika linaweka mwisho wa muda wa kukata tiketi, ukipita hapo sistimu yenyewe inaifuta buking bila kumuuliza mtu, siti inarudi sokoni.

Kitu kingine, mawakala wengi wadogo hawana usajili wa IATA, yaani chama cha mashirika ya ndege duniani, wanafungua buking halafu wanaipeleka kwa wakala mkubwa ndiyo atoe tiketi, kwa hiyo inawezekana hela yako imekwama kati ya hao wawili. Muulize wazi: tiketi anatoa nani na saa ngapi? Asipokupa jibu la kueleweka, dai hela yako mapema.

Asubuhi niliambiwa nauli moja, jioni imepanda. Wakala ananipiga? (Mdau, Mwanza)

Anaweza kuwa anakupiga, lakini mara nyingi hapana. Wakala akiangalia ndege anaona kitu kama hiki: Y9 B9 M6 Q2 V0. Kila herufi ni daraja la bei, namba ni siti zilizobaki kwa bei hiyo, na 9 maana yake tisa au zaidi. Wote mnakaa economy ileile, pengine siti za jirani, ila mwenye Q kalipa kidogo na mwenye Y kalipa nyingi. Hapo Q zimebaki mbili, sasa nyie familia ya watu wanne mkitaka kukatiwa pamoja sistimu inawapeleka wote M. Muombe wakala ajaribu kuwagawa, wawili Q wawili M, inaruhusiwa na inaokoa hela.

Halafu nawaomba sana, msizunguke kwa mawakala watano mkitaka kila mmoja awashikie siti ileile. Mnazimaliza wenyewe zile za bei ya chini, na shirika likiona jina moja limebukiwa mara nyingi ndege ileile linaweza kufuta zote.

Hizi sistimu ni za nani, na mbona mtandaoni naona bei tofauti na ya wakala?

Kubwa duniani ni tatu: Amadeus, Sabre na Travelport, hii ya mwisho ndiyo yenye Galileo. Sabre ilitengenezwa na American Airlines pamoja na IBM miaka ya 1960, ikaanza kuwekwa kwa mawakala mwaka 1976. Wakati huo skrini ilikuwa inapanga ndege za mwenye sistimu juu, na wakala mwenye haraka anauza kile anachokiona kwanza, mpaka 1984 serikali ya Marekani ikapiga marufuku huo upendeleo. Wazungu wa Ulaya nao, Air France, Lufthansa, Iberia na SAS, wakaanzisha Amadeus 1987.

Bei inatofautiana kwa sababu shirika linailipa sistimu kwa kila buking, na mengine hayataki huo mzigo. Lufthansa mwaka 2015 waliweka nyongeza ya euro 16 kwa tiketi zinazopita huko. Kwa hiyo kabla hujalipa angalia na tovuti ya shirika. Ila safari ya ndege za mashirika mawili matatu mpe wakala, hapo ndipo anapoonyesha thamani yake.

Nasoma kozi ya tiketi, bado kuna haja ya kukariri kodi za kuandika kwenye sistimu wakati kuna skrini za kubofya? (Mwanachuo, Arusha)

Kariri mdogo wangu. Kwenye Amadeus ukiandika AN10DECDARDXB umeshaona ndege zote za tarehe 10 Desemba Dar kwenda Dubai, mwenzako bado anabofya kalenda. Ofisini mteja amesimama mbele yako na simu inaita, hiyo spidi ndiyo itakupa kazi.

Tiketi imeandikwa ASHAMRS, jina langu ni Asha. Nitazuiwa eapoti?

Hapana, sistimu inaunganisha cheo, yaani MRS, na jina, eapoti wameshazoea. Tatizo ni herufi zikikosewa, mfano pasi ina Aisha. Soma jina herufi kwa herufi kabla tiketi haijatoka, na ukigundua kosa imeshatoka rudi kwa wakala siku hiyohiyo, mara nyingi bado anaweza kuivoidi, yaani kuifuta, na kutoa nyingine bila faini.