Besi kupitia modela: rekodi na sauti kavu pembeni, na huo mvumo uutafute kwenye umeme

Mkuu, umesema gitaa la besi ulilorekodi kupitia modela, kile kifaa kinachoiga amplifaya na spika, linajaa vizuri ukiwa na hedifoni, ila wimbo ukipigwa kwenye simu linapotea kabisa, na nyuma yake kuna mvumo usioisha. Yote mawili yamenipata. Napiga besi kwaya hapa Dodoma na kurekodi narekodia nyumbani Nkuhungu, chumba cha bati kisicho na dari. Ningeweka amplifaya na maikrofoni mle ndani ningenasa upepo, jogoo wa jirani na bodaboda zote za mtaa, ndiyo maana nikanunua modela.

Nianze na kosa langu, maana naona nawe unaelekea huko. Nyimbo nane za kwaya nilizirekodi kwa sauti iliyokwishapikwa peke yake, yaani ile inayotoka kwenye modela na kompresa yake (inayosawazisha sauti kubwa na ndogo), mkwaruzo wake na spika yake ya kuigwa. Nikiisikiliza besi yenyewe, tamu mno. Kinanda na sauti nne za waimbaji zilipoingia juu yake, ikawa tope. Chumvi ikishazidi kwenye mboga huitoi. Nilirudia zote nane, kila jioni nikitoka kazini, wiki tatu.

Siku hizi narekodi njia mbili kwa mpigo. Modela nyingi zenye USB zinaweza kupeleka kwenye kompyuta sauti kavu, ile ya gitaa kabla haijapikwa, na sauti iliyopikwa, kila moja kwenye njia yake. Soma kijitabu chake uone njia ipi ni ya nini. Kama yako haiwezi, weka DI mbele, kisanduku kinachoigawa sauti ya gitaa njia mbili: tundu moja linakwenda kwenye modela, jingine kwenye kadi ya sauti, kile kifaa kinachoingiza sauti kwenye kompyuta. Ukiwa na sauti kavu, kila kitu kingine unaweza kukiamua baadaye. Utairudisha ipite kwenye modela upya, au utumie Neural Amp Modeler, programu ya bure inayofanya kazi ndani ya programu yako ya kurekodia.

Ila ukizichanganya hizo mbili, angalia hili: iliyopikwa huwa inachelewa kidogo. Ikichelewa milisekunde 2 tu, eneo la Hz 250 (Hz ni mitetemo kwa sekunde) linapingana na kufutana, na hapo ndipo unene wa besi ulipo. Kuza picha ya mawimbi, tafuta mshindo wa kwanza wa noti, vuta moja mpaka vilele vikae sawa. Mara ya kwanza nilipofanya hivyo nilidhani kuna mtu kaongeza sauti.

Kuhusu simu. Uzi wa E ukiachwa wazi unatoa takriban Hz 41, na spika ya simu haifiki huko hata kwa maombi. Kinachosikika pale ni sauti za juu yake: 82, 123, 164 na kuendelea, kisha sikio lenyewe linajaza ile ya chini. Besi laini isiyo na sauti hizo haina cha kusikika kwenye simu. Kwa hiyo ongeza mkwaruzo kidogo. Modela nyingi zina mfano wa Ampeg SVT, ile amplifaya ya 1969 ya wati 300 na spika nane za inchi 10. Ipandishe mpaka ianze kukwaruza ukipiga kwa nguvu, basi. Halafu chini ya Hz 150 hivi tumia sauti kavu, juu yake iliyopikwa. Ukishasikiliza ilimba ya Wagogo, ala ya vijiti vya chuma inayopigwa kwa vidole gumba, jambo hili halitakusumbua: ule mtetemo wa kukwaruza unaoandamana na kila noti ndio unaoifanya isikike katikati ya waimbaji na ngoma. Wazee wetu walilijua sikio kabla ya umeme. Na sauti hiyo uichague wimbo mzima ukiwa unapigwa, kamwe si besi peke yake.

Sasa mvumo, ulionitesa kuliko yote. Umeme wetu ni wa Hz 50. Noti ya G, freti ya tatu ya uzi wa E, ni Hz 49. Shika hiyo G uiache iendelee: kama mvumo upo, utasikia noti inapanda na kushuka kama inapumua, karibu mara moja kila sekunde. Ndiyo maana ikwalaiza, ile ya kupunguza au kuongeza sauti za chini na za juu, haikusaidii, ukikata mvumo umekata na G. Kompresa ya modela inaunyanyua zaidi pale noti inapofifia, na geti, inayozima sauti ikishakuwa ndogo, inakula mikia ya noti ndefu. Dawa ni kuuzuia usiingie.

Chomoa chaja ya laptop, tumia betri. Ukiisha, tatizo ni chaja au ethi, ule waya wa kupeleka umeme ardhini. Gusa nyuzi: ukiongezeka, angalia waya wa ethi ndani ya gitaa. Geuka na gitaa lako kiti kizima: ukibadilika kadiri unavyogeuka, sumaku za gitaa zinanasa adapta au taa iliyo karibu, sogea tu. Kwangu ilikuwa ethi. Soketi zilikuwa na matundu matatu, lakini fimbo ya ethi ilikuwa fupi, imekaa kwenye udongo wa Oktoba uliokauka kama tofali, na udongo mkavu haupitishi umeme vizuri. Fundi umeme akaing'oa, akashindilia ndefu zaidi karibu na bomba la bafuni ambako ardhi haikauki. Jioni ile nilikaa na hedifoni bila kupiga kitu, nikisikiliza ukimya. Na tafadhali sana, usikate pini ya ethi kwenye plagi. Mvumo unaweza kuisha kweli, lakini mikono yako iko kwenye nyuzi za chuma.

Mengine ni mafupi. Gitaa liingie tundu la gitaa. Sauti inayotoka kwenye modela iingie tundu la laini, maana kwenye lile la gitaa itapasuka. Kwenye programu chagua ubora wa biti 24, vilele viishie kama -12 dB kwenye mita, hakuna haja ya kugusa nyekundu. Na kama modela tayari inaiga spika, usiweke spika nyingine ya kuigwa kwenye kompyuta. Mbili kwa pamoja ni blanketi juu ya blanketi.

Leo usiku rekodi hiyo G, nusu dakika chaja ikiwa imechomekwa na nusu dakika ikiwa imechomolewa, sauti kavu tu, uiweke hapa. Nitaisikiliza nikuambie ni ethi au ni gitaa.